Habu za Mkono: Jinsi ya Kuziweka Salama Kabla ya Mvua

Mvua inapoanza, barabara za udongo mweusi huko Ruai, Njiru na Utawala huwa mtihani kwa madereva. Wenye Land Cruiser, Hilux na Land Rover za zamani wengi hupendelea habu za mkono, yaani vifaa vinavyokaa katikati ya magurudumu ya mbele, vyenye kizungusho chenye maandishi FREE na LOCK.

Habu ikiwa LOCK, ekseli na gurudumu huzunguka pamoja. Ikiwa FREE, gurudumu huzunguka peke yake, huku ekseli, difu na propela shafti ya mbele zikipumzika. Kwenye lami, hilo hupunguza kuchakaa kwa vipuri.

KABLA YA KUNUNUA

Vipuri hivi hupatikana Kirinyaga Road, Grogan na Kariobangi Light Industries, vingi vikiwa vimetumika. Habu moja haifai kila gari. Mnunuzi ahesabu kwanza meno ya ncha ya ekseli: Land Rover za zamani zina meno 10, na Defender za baadaye zina 24.

Gari linalotumia magurudumu yote manne wakati wote lina difu ya kati. Habu zake zikiwekwa FREE, nguvu ya injini hupotelea mbele na gari halisogei mpaka difu hiyo ifungwe. Mwenye gari la aina hiyo amwone fundi kwanza.

HATUA ZA KAZI

1. Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe makubwa, breki ya mkono ivutwe, na ekseli ya mbele ikalishwe juu ya stendi. Mtu asifanye kazi gari likiwa limeshikiliwa na jeki pekee.

2. Kifuniko cha zamani kitolewe, kisha klipu iliyo kwenye ncha ya ekseli, halafu nati za nje. Sahani ikikwama, igongwe polepole kwa nyundo ya shaba.

3. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, nati kubwa za beringi zirekebishwe na wosha yake ya kufungia ikunjwe upya. Hatua hii isirukwe. Nati zikilegea, gurudumu linaweza kuchomoka barabarani. Zikikazwa kupita kiasi, beringi huungua.

4. Uso wa chuma usafishwe na gasketi mpya iwekwe. Habu iingizwe, nati zikazwe kwa kupishana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Klipu irudishwe mpaka ikae kwenye mfuo wake.

5. Ndani ipakwe grisi kidogo tu, kwa kuwa grisi nyingi huzuia habu kujifunga. Kifuniko kirudishwe kizungusho kikiwa FREE.

6. Kabla ya kushusha gari, habu ijaribiwe. Ikiwa FREE, gurudumu lizunguke na ekseli itulie. Ikiwa LOCK, vyote viwili vizunguke pamoja. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo.

Baada ya safari fupi ya kwanza, nati zikaguliwe tena.

MATUMIZI

Habu zote mbili ziwe katika hali moja. Dereva aziweke LOCK kabla ya kuingia matopeni, si baada ya gari kuzama. Akirudi kwenye lami kavu, aondoe gia ya magurudumu manne, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na gia huumia. Habu zisikae FREE miezi mingi. Mara moja kwa mwezi ziwekwe LOCK na gari liendeshwe kilomita chache ili mafuta yafike kwenye vyuma vya ekseli ya mbele.

TAKA ZA GEREJI

Grisi ya zamani na mafuta ya taa yaliyotumika kuoshea beringi yasimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya Eastlands huishia Mto Ngong na Mto Nairobi, na watu walio chini ya mto huyatumia. Taka hizo zikusanywe kwenye mkebe wenye kifuniko na kukabidhiwa mzoaji taka mwenye leseni.

Asiye na stendi, spana ya nati za beringi au uzoefu wa kuzirekebisha ampe fundi kazi hii, naye asimame hapo mpaka aone jaribio la hatua ya 6.