Kumsaidia Mwenzako Bila Kumnyang'anya Kalamu

Katika vituo vyetu vya vijana halipiti juma bila mtu kufika na tatizo mkononi. Mmoja ana daftari la hesabu, mwingine ana programu ya kompyuta inayokataa kufanya kazi, na wa tatu amebeba mashine ya gemu iliyozimika ghafla. Matatizo haya hayafanani, lakini namna ya kumsaidia mwenye nayo ni moja. Somo hili limeandaliwa kwa walezi wa vijana, walimu wa kujitolea, wazazi, na vijana wenyewe wanaosaidiana.

Nilivyojifunza kwa gharama

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akija ofisini kwangu kila Alhamisi jioni na maswali yake ya hesabu. Mezani taarifa za miradi zilikuwa zikinisubiri. Ili kuokoa muda, nilichukua kalamu, nikafanya swali huku nikieleza, kisha nikamrudishia daftari. Aliitikia kwa kichwa kila hatua. Aliondoka amefurahi, nami nilifurahi, na daftari lake lilijaa alama za vema.

Mtihani wa muhula ulipofika, alishindwa. Aliponionyesha karatasi yake niliona ameandika jina vizuri, akanakili swali la kwanza, na chini yake pakabaki peupe. Nilimwuliza imekuwaje. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, ukifanya wewe naelewa kabisa. Nikibaki peke yangu sijui nianzie wapi."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Muhula mzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hesabu ninazozijua, naye akinitazama. Majibu alikuwa nayo tele. Alichokosa ni kuzoea kuanza mwenyewe.

Maswali matatu ya kuanzia

Tangu wakati ule nimejiwekea utaratibu. Kabla ya kugusa kalamu, kompyuta au bisibisi, namwuliza mwenye tatizo maswali matatu:

1. Ulitaka kupata nini?
2. Umefanya nini mpaka sasa?
3. Kimetokea nini?

Kisha nanyamaza na kusikiliza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, lakini mara nyingi mtu hulitambua kosa lake akiwa katikati ya kueleza. Watengenezaji wa programu za kompyuta wanalifahamu jambo hili. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1999, Andrew Hunt na David Thomas walisimulia juu ya kumweleza bata wa mpira programu yako, mstari kwa mstari, mpaka kosa lijitokeze. Bata hajui lolote. Faida yake ni kwamba hamkatizi msemaji.

George Pólya, mtaalamu wa hesabu mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Marekani, naye aligawa kazi ya kutatua tatizo katika hatua nne katika kitabu chake cha mwaka 1945: kulielewa tatizo, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, na kurudi nyuma kuangalia ulichopata. Sisi wasaidizi hupenda kurukia hatua ya tatu. Maswali yetu matatu yanaturudisha kwenye ile ya kwanza.

Mfano wa kwanza: hesabu

Mwanafunzi ameulizwa 3/4 + 1/2, naye ameandika 4/6. Amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini. Msaidizi mwenye haraka atasema, "Umekosea, tafuta kigawe kidogo cha shirika." Mwanafunzi ataandika anavyoambiwa, na kesho atarudia kosa lile lile.

Jaribu kumwuliza hivi: "Mama amekutuma dukani ununue robo tatu kilo ya sukari, halafu akaongeza nusu kilo. Utarudi na sukari kiasi gani?" Wengi watajibu papo hapo: kilo moja na robo. Sasa mwambie alitazame jibu lake la 4/6. Je, ni kubwa au dogo kuliko robo tatu aliyoanza nayo? 4/6 ni sawa na theluthi mbili, nayo ni ndogo kuliko robo tatu. Ameongeza sukari, na sukari imepungua! Hapo atacheka, na mwenyewe atataka kujua kosa liko wapi. Ndipo umwonyeshe kwamba nusu ni robo mbili, na kwamba robo tatu na robo mbili ni robo tano, yaani 5/4. Sasa kigawe kidogo cha shirika kitakuwa na maana kwake.

Mfano wa pili: programu ya kompyuta

Binti mmoja katika darasa letu la kompyuta alikuwa akijifunza lugha ya Python. Aliandika programu fupi ya kujumlisha michango miwili ya kikundi. Aliingiza 500 na 700 akitegemea kupata 1200, lakini kompyuta ikaandika 500700. Aliita, "Mwalimu, kompyuta hii mbovu!"

Kosa nililiona mara moja, na mkono wangu ulikuwa tayari njiani kuelekea kwenye vibonye. Niliurudisha. Nilimwuliza, "Itazame vizuri hiyo 500700. Unadhani imetoka wapi?" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haikujumlisha. Imezibandika pamoja, kama maneno."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika Python ya sasa, chochote mtu anachoandika kwa vibonye hupokelewa kwanza kama maandishi, hata kikiwa tarakimu. Alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya maandishi mawili huyaunganisha. Ni lazima uiambie kompyuta iyageuze yawe namba, kwa amri ya int. Kilichobaki kwangu kilikuwa kumtajia amri hiyo tu. Juma lililofuata nilimsikia akimwuliza mwenzake, "Ulitegemea upate nini?"

Mfano wa tatu: mashine ya gemu

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Nyingi zilifika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika, nyingine ndani ya maboksi ya misaada. Kituo chetu kilipata moja kutoka kwa marafiki wa Marekani. Kijana aliyeifungua alisita, akasema, "Mwalimu, plagi yake si kama zetu." Sikumwachia nafasi ya kuendelea. Nilitafuta adapta ya plagi, nikachomeka, nikawasha. Tulisikia mlio mdogo, ikafuata harufu ya kuungua.

Kijana alikuwa ameshika kidole chake kwenye kibandiko cha nyuma ya mashine. Kilisema volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi umeme. Alikuwa na jibu, nami sikumwuliza. Zile gemu ambazo vijana walizisubiri juma zima hazikuchezwa.

Kwa yeyote anayeletewa mashine kama hii, tunashauri yafuatayo:

• Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kikisema volti 100 hadi 240, adapta ya plagi inatosha. Kikisema 100 au 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile zinazotumiwa na mashine.

• Uliza tatizo lilianza lini, na nini kilibadilika kabla yake.

• Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: soketi, kisha waya, kisha pedi, kisha diski. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu. Diski moja ikigoma na nyingine ikacheza, usiilaumu mashine.

• Kumbuka kwamba PlayStation 2 ya Marekani haikutengenezwa isome diski za Ulaya. Diski inaweza kuwa safi kabisa na bado ikakataliwa.

Wakati wa kushika wewe

Zipo nyakati ambapo msaidizi hana budi kuingilia kati bila maswali. Kijana akitaka kufungua sehemu ya mashine inayopokea umeme, mzuie. Vifaa vya ndani vinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi. Vilevile, mtu aliyehangaika mpaka machozi yanamlengalenga haongezewi swali jingine. Mpe hatua moja, apumzike, kisha mwendelee pamoja. Na pale usipojua, sema "Sijui, tutafute pamoja." Kijana anayemwona mkubwa wake akitafuta hujifunza kutafuta.

Simu inayojibu kila kitu

Siku hizi vijana wengi huuliza maswali yao kwa programu za akili bandia kwenye simu. Kwa dakika moja hupata hesabu iliyokwisha kufanywa au programu iliyokwisha kuandikwa. Hatuwakatazi. Lakini simu inayotoa jibu zima kwa haraka inafanya kile nilichokifanya mimi kila Alhamisi. Tunawashauri waiombe dokezo badala ya jibu, kisha wafunge simu na kufanya swali lile upya kwenye karatasi tupu. Wakishindwa, wajue bado hawajaelewa, na hiyo si aibu.

Karatasi tupu

Kijana wa Alhamisi alirudi muhula uliofuata. Safari hii kalamu ilibaki mkononi mwake. Jioni ya kwanza tulimaliza swali moja tu, nasi tuliona tumechelewa mno. Ilipofika jioni ya sita au ya saba, alikuja na maswali manne aliyoyafanya nyumbani. Mawili yalikuwa na makosa, na moja kati ya hayo alikwisha kulizungushia duara mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Jibu limetoka dogo kuliko nilivyotegemea." Hapo nilijua kwamba kwenye mtihani unaofuata hataacha karatasi yake peupe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Kumbuka mara ya mwisho ulipomsaidia mtu. Nani alishika kalamu?

• Ni msaada gani uliopewa ukakuacha na uwezo zaidi? Aliyekusaidia alifanya nini?

• Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja aeleze tatizo halisi alilonalo kwa dakika tano, mwingine aulize yale maswali matatu tu bila kutoa ushauri. Kisha badilishaneni. Mmegundua nini?

• Katika kituo chenu, ni vijana gani wanaweza kuwa wasaidizi wa wenzao kuanzia juma hili?