Kelele Ndogo Ndani ya Inveta

Tangu mwaka 2010 Pemba yetu hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme huo ukatikapo usiku, sisi wa dahalia husoma kwa betri na inveta, yaani chombo kigeuzacho umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230.

Muhula huu taa zilianza kupepesa. Mimi ni kiranja. Nikamshuku mtoto wa Kidato cha Kwanza kwamba amechomeka pasi kwa siri, nikampigisha deki siku mbili. Taa zikaendelea kupepesa. Ndipo alipokuja fundi akaifungua inveta, nami nikajifunza haya.

Ndani ya inveta mna swichi ziitwazo transista, ambazo hujifunga na kujifungua maelfu ya mara kwa sekunde. Amri hutoka katika saketi ilinganishayo volti mbili: moja ikiipita nyingine, swichi hugeuka. Lakini hakuna waya ulio kimya kabisa. Mwaka 1928 J. B. Johnson wa Marekani alieleza ya kwamba joto peke yake huzifanya elektroni zitikisike ovyo. Na nyaya nene zilizo karibu huongeza msukosuko. Huo ndio uitwao kelele za umeme. Volti mbili zikiwa mbalimbali, kelele hazidhuru kitu. Zikikaribiana sana, kelele ndogo ndizo ziamuazo: swichi hugeuka, hurudi, hugeuka tena. Kila mgeuko hupoteza nguvu kidogo. Basi transista hupata moto, na taa hupepesa.

Dawa yake ni nini? Mwaka 1934 Otto Schmitt, naye akiwa bado mwanafunzi huko Marekani, alibuni saketi kutokana na kuchunguza neva za ngisi. Saketi hiyo ina mipaka miwili, wa kuwasha na wa kuzima, na nafasi kati yake. Kelele zilizo ndogo kuliko nafasi hiyo haziwezi kuigeuza swichi. Dawa ya pili ni kuzipunguza kelele zenyewe. Fundi wetu aliukuta waya mwembamba wa kupimia umelazwa sambamba na nyaya nene za betri; akaufupisha, akausokota na mwenzake, akautenga. Taa zikatulia.

Usiku ule nilimwendea yule mdogo wangu nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nilikuwa nimeamua kwa dalili ndogo, bila ya kuacha nafasi ya kufikiri.