Tumbo laweza kusafisha damu, lakini nani atalipia mifuko?

Figo zikishindwa kazi, wengi tunaijua mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne. Kwa mkazi wa Mgeta, juu ya Milima ya Uluguru, nauli peke yake inamfilisi.

Iko njia nyingine. Mgonjwa huwekewa mrija tumboni, huingiza lita mbili za maji ya dawa, huyaacha saa kadhaa yavute uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha huyatoa. Hufanya hivyo nyumbani mara nne kwa siku, bila umeme. KCMC, Moshi, ilianza kuitumia mwaka 2009 kwa waliosimama figo ghafla.

Tatizo liko wapi? Kwanza, gharama. Lita nane kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, tena za kiwandani. Nani atazinunua na kuzipandisha mlimani? Pili, maambukizi. Mkono usionawishwa kwa sabuni ukigusa ncha ya mrija, vijidudu huingia tumboni. Maji yakitoka na ukungu, tumbo likiuma au homa ikipanda, mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo. Utando ukiharibika, njia imefungika.

Thailand iliiingiza tiba hii katika bima ya umma mwaka 2008. Rai yangu, nasi tuanze na mifuko na mafunzo kwa familia. Mrija bila mifuko si tiba. Nawe mwenye kisukari au presha, pima figo mapema.