VALI, TRANSISTA AU KOMPYUTA: AMPLIFAYA IPI INA SAUTI TAMU?

Leo nataka tujifunze jambo ambalo nusura limtoe mtamba wetu zizini.

Mjomba wangu, ambaye ninakaa kwake, hupiga gitaa la benga katika harusi. Amplifaya yake ya zamani ilipoanza kukwaruza, marafiki walimwambia, "Tupa hiyo, nunua ya kisasa, sauti yake ni tamu zaidi." Bei yake ilikuwa sawa na ya mtamba, na maziwa ya mtamba huyo ndiyo tuliyotarajia yalipe karo yangu! Nikamsihi, "Mjomba, tafadhali tumuulize fundi kwanza." Akakubali.

Hebu tuanze na msingi. Nyuzi za gitaa la umeme zikitetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya, hutoa umeme mdogo mno. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo hadi uweze kuisukuma spika. Ziko aina tatu.

Ya kwanza hutumia vali. Vali hufanana na balbu: ni kioo kilichoondolewa hewa, na ndani yake mna kitu kinachopashwa moto. Ya Mjomba ni ya aina hii. Umeme wake ni mkali, mara nyingi hupita volti 300. Msifungue kamwe! Hata ikishazimwa, umeme unaobaki ndani unaweza kuua.

Ya pili hutumia transista, kifaa kidogo kilichobuniwa Marekani mwaka 1947. Hakihitaji kupashwa moto, kwa hiyo amplifaya huwa nyepesi na haili umeme mwingi.

Ya tatu ni ya kuiga. Ndani mna kompyuta ndogo inayogeuza sauti kuwa nambari, kisha inapiga hesabu ili kuiga sauti za amplifaya nyingine. Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa ya namna hii, AxSys 212, mwaka 1996.

Sasa, tofauti ya sauti inatoka wapi? Sauti husafiri kama mawimbi. Ukiongeza sauti kupita uwezo wa mtambo, vali hubinya vilele vya mawimbi polepole, kama mfinyanzi na udongo wake. Ndipo tunasikia mkwaruzo mtamu wanaoupenda wapigaji wa roki. Transista, kwa kawaida, huvikata ghafla kama panga, na sauti huchoma masikio. Lakini kabla ya kufika kikomo hicho, transista hutoa sauti safi kabisa.

Fundi alitupangia zote tatu kwake. Mjomba akapiga gitaa lilelile, wimbo uleule, nami nikageuka ukutani nisione. Sauti iliposukumwa sana, niliitambua transista mara moja. Ya kuiga na ya vali zilinichanganya. Lakini Mjomba alipopiga benga kama apigavyo harusini, sauti safi, kila uzi ukisikika peke yake, wallahi sikuweza kutofautisha hata moja! Tukabadilishana. Mjomba naye akashindwa, akacheka mpaka machozi.

Fundi akatueleza kwamba vali za Mjomba zimechoka, na nyingine ni lazima ziagizwe kutoka mbali. Ya kuiga ni nzuri kwa mtu anayetaka sauti nyingi tofauti, lakini ikiharibika, si kila fundi anaiweza. Mjomba akanunua ya transista iliyotumika, kwa pesa za harusi mbili tu. Ile ya vali ameiweka nyumbani hadi apate vali.

Ndugu msomaji, funzo ni hili: usiulize tu ni ipi iliyo bora, uliza ni bora kwa kazi gani. Halafu sikiliza kwa masikio yako mwenyewe, si kwa mdomo wa rafiki.

Hapa natia nanga. Mtamba bado yuko zizini, nami bado niko kidato cha tatu.