DVD YA MTEJA IMEGOMA KUTOKA? WEKA BISIBISI CHINI

Somo la leo lilinitoa jasho mwenyewe.

Natangaza mtandaoni kazi ya kuhamisha video za zamani kutoka DVD kwenda kwenye flashi. Mama mmoja akaniletea DVD ya harusi yake. Mumewe alishafariki, na nakala ni hiyo hiyo moja. Nikaiweka kwenye kompyuta ya mezani, ikasoma kidogo, ikakwama. Nabonyeza kitufe, trei kimya. Jirani yangu wa duka akasema, "Kaka, lete bisibisi tuipenue." Nikakataa. Fanya hivi:

1. Funga programu zote. Mara nyingi diski haitoki kwa sababu kuna programu bado inaitumia. Kisha fungua This PC, bonyeza alama ya DVD kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Eject.

2. Ikigoma, zima na kuwasha upya. Bonyeza kitufe cha trei mapema, kabla Windows haijafunguka.

3. Bado? Zima kabisa, chomoa waya wa umeme. Subiri diski iache kuzunguka.

4. Angalia mbele ya trei, kuna kitundu kidogo. Nyoosha kibanio cha karatasi cha chuma, kiingize kikiwa kimenyooka mpaka uhisi kinagusa kitu. Sukuma taratibu, trei itachomoza kidogo. Malizia kuivuta kwa vidole. Usitumie kijiti cha meno, kitakatikia ndani.

Angalizo: tundu la earphone silo! Na zile mashine zinazomeza diski bila trei, nyingi hazina kitundu hicho. Hizo mpelekee fundi.

Mimi ilitoka hatua ya 4. Kumbe DVD ilibandikwa stika ya karatasi, ukingo ukabanduka na kunasa ndani. Nikakata kile kipande kilicholegea kwa mkasi, nikaisomea kwenye kompyuta nyingine, nikanakili video yote.

Nikampigia mama nikamweleza ukweli wote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante mwanangu kwa kuniambia." Wiki ile ile akaniletea mteja mwingine.

Sasa kabla sijapokea diski naikagua mbele ya mteja: ina ufa? Ina stika? Naipiga picha, namwambia hatari iliyopo, ndipo tunakubaliana bei. Yenye ufa siiweki kabisa, inaweza kupasukia ndani ikizunguka.

Pesa ya mteja unaweza kuirudisha. Harusi yake huwezi.

Wewe umewahi kukwamisha mali ya mteja? Ulimwambiaje? Tuandikie hapo chini tujifunze.