Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Mfano wa Diski Kuu Iliyoharibika

Utangulizi

Katika ziara za kukagua mazoezi ya kufundisha tulifika shule moja ya sekondari kwenye milima ya Kalinzi, mkoani Kigoma. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikuwa ikichukua robo saa kuwaka, na kila faili lilipofunguliwa ilikwama. Mwalimu mmoja, kwa nia njema, alikata shauri kwamba ni kirusi, akaifomati diski na kuweka Windows upya. Siku ya tatu mashine iligoma kabisa. Alama za tathmini endelevu za Kidato cha Nne zilikuwa humo, wala hapakuwa na nakala. Walimu walirudia madaftari yao kuzikusanya. Zile ambazo hazikuandikwa madaftarini zilipotea.

Kosa hilo halikutokana na uvivu, bali na kukosa utaratibu wa kufikiri. Nasi wakufunzi tuna sehemu ya lawama, kwani aghalabu tumewakaririsha wanachuo majina ya sehemu za kompyuta bila kuwafunza jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu.

Shabaha

Baada ya vipindi viwili mwanachuo aweze:
(a) kutofautisha dalili na chanzo;
(b) kuokoa kumbukumbu kabla ya kuanza matengenezo;
(c) kuthibitisha kwamba diski ndiyo mbovu.

Hatua ya Kwanza: Kuanzia linalojulikana

Kalinzi ni nchi ya kahawa. Basi mwalimu aulize: karani wa chama cha msingi yuko mezani, lakini mlango wa ghala umekwama, kazi itakwendaje? Wanachuo watajibu kwamba foleni itasimama, na watu watamlaumu karani. Hapo mwalimu aeleze kuwa karani ni prosesa. Meza ni kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukatikapo. Ghala ni diski kuu.

Kisha aeleze ghala hilo lifanyavyo kazi. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Wanachuo wagawanye 5,400 kwa 60, waone kwamba sahani huzunguka mara 90 kwa sekunde moja. Kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo sana kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo kuitikisa mashine inapofanya kazi kwaweza kuijeruhi sahani, na umeme kukatika ghafla kwaweza kuharibu faili linaloandikwa. Kichwa kikikuta mahali palipojeruhiwa hujaribu kusoma tena na tena. Ndiyo sababu mashine huzubaa. Diski za SSD hazina sahani, nazo huweza kufa bila mlio wowote.

Hatua ya Pili: Dalili na vyanzo

Mwalimu aandike dalili ubaoni: kuzubaa, faili kutofunguka, mlio wa kugongagonga, na taarifa kwamba diski haionekani. Kwa kila dalili aulize, "Ni nini kingine kingeweza kuleta hali hii?" Kuzubaa kwaweza kutokana na kirusi au uchache wa kumbukumbu ya muda, diski kutoonekana kwaweza kutokana na waya uliolegea. Dalili moja haitoshi kutoa hukumu.

Hatua ya Tatu: Utaratibu wa kazi

1. Usiandike chochote kwenye diski. Uliza kwanza mna nini ndani yake, na nakala iko wapi.
2. Ukisikia mlio wa kugongagonga, zima mara moja. Kuendelea kuiwasha huzidi kukwaruza sahani. Kama yaliyomo ni ya thamani, ipelekwe kwa fundi wa kuokoa kumbukumbu.
3. Ikiwa haina mlio huo, washa mashine kwa flashi yenye Linux, unakili mafaili kwenye diski nyingine, ukianza na yale yasiyoweza kupatikana kwingine.
4. Baada ya hapo kagua waya, jaribu diski kwenye kompyuta nyingine, na usome taarifa ya SMART. Taarifa hiyo ikisema diski ni mbovu, iamini. Ikisema ni nzima, usiridhike nayo peke yake. Programu ya CHKDSK itumike sasa tu, kwa kuwa huweza kubadili maandishi yaliyomo katika diski.
5. Diski ikionyesha ubovu uleule kwenye mashine ya pili, ibadilishwe. Kufomati hakuponyi sahani iliyojeruhiwa.

Vitendo na upimaji

Chuo kisicho na vifaa vingi kisikate tamaa. Diski iliyokufa ifunguliwe kwa bisibisi darasani, wanachuo waone sahani na kichwa. Katika kompyuta nyingine, iliyozimwa, mwalimu alegeze waya wa diski kwa siri, kisha awaite wanachuo wawili wawili waitafute hitilafu. Alama za kwanza zitolewe kwa swali la kwanza atakalouliza mwanachuo. Anayeshika bisibisi kabla ya kuuliza habari ya nakala asipewe alama hizo, hata akiipata hitilafu.

Hitimisho

Diski mpya hununuliwa dukani, lakini alama za mwanafunzi hazinunuliwi. Yafaa kila mwanachuo aondoke chuoni na desturi hii: kila wiki kumbukumbu za shule zinakiliwe mahali pawili, na nakala moja ihifadhiwe mbali na kompyuta. Mwalimu mwenye desturi hiyo ataweza kuitafuta hitilafu kwa utulivu, kwani diski ikifa atakuwa amepoteza kifaa tu.