Jiji la Seattle na Maombi Yake kwa Bunge la Jimbo: Maswali na Majibu

Mpangaji wa Seattle akipandishiwa kodi ya pango, mtu wa kwanza kumlalamikia ni diwani wake. Diwani huyo hana mamlaka ya kuweka kikomo. Tangu 1981 sheria ya jimbo la Washington imeikataza miji kudhibiti kodi za nyumba za watu binafsi. Kikomo kilichopo sasa kiliwekwa na Bunge la jimbo mwaka 2025: ndani ya miezi 12 kodi isipande zaidi ya 7% pamoja na mfumuko wa bei, au 10%, kutegemea ipi ni ndogo. Yako mambo mengi ya namna hii, na ndiyo maana kila mwaka jiji huandaa orodha ya yale linayotaka Bunge litunge, libadilishe au liache kama yalivyo.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Seattle na miji jirani kama Kent na Tukwila wanaguswa na orodha hiyo kila siku, ingawa wengi hawajawahi kuisikia.

Kwa nini jiji kubwa hivyo lisijiamulie lenyewe?

Katiba ya Marekani haitaji miji popote. Miji iko chini ya majimbo, na kila jimbo huamua liiachie miji yake nafasi kiasi gani. Kwa aliyezoea Kenya, ambako Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeorodhesha majukumu ya kaunti, hali hii ni ngeni. Katiba ya Washington inairuhusu miji kutunga sheria zake mradi zisipingane na za jimbo. Kwenye kodi za serikali masharti ni magumu zaidi: jiji haliwezi kutoza kodi mpya bila idhini ya wazi ya Bunge.

Chukua kodi ya majengo. Jiji haliruhusiwi kuongeza jumla ya makusanyo yake ya kawaida kwa zaidi ya 1% kwa mwaka, ukiondoa majengo mapya, mpaka wapiga kura waridhie. Tuseme jiji lilikusanya dola milioni 100. Mwakani litapata milioni 101 na kile kitakachotokana na majengo mapya. Mishahara ya zimamoto, mafuta na vipuri vikipanda kwa 4%, kunabaki pengo la karibu dola milioni 3, na mwaka unaofuata pengo linaongezeka. Kikomo hiki kilianzia kwenye kura ya wananchi ya 2001. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikifuta mwaka 2007, na Bunge likakirudisha mwaka huohuo. Mwaka 2024 na 2025 yalitolewa mapendekezo ya kukifikisha 3%. Hayakupita; wenye nyumba nao wana hofu ya kulipa zaidi, na wana haki kabisa.

Nani anaandika orodha, na lini?

Seattle ina ofisi maalumu ya mahusiano na serikali nyingine. Hiyo ndiyo hukusanya maombi kutoka idara za jiji, ofisi ya meya na madiwani 9, ikayachambua. Rasimu hupelekwa kwenye Baraza la Jiji, na kwa kawaida hupitishwa kwa azimio kabla ya mwaka kuisha. Bunge hukutana Olympia, kama kilomita 100 kusini, kuanzia Jumatatu ya pili ya Januari: siku 105 kwa miaka witiri, siku 60 kwa miaka shufwa. Kikao kirefu ndicho kinachopitisha bajeti ya miaka miwili, kwa hiyo ombi la fedha lina nafasi kubwa zaidi mwaka huo.

Mbona jambo letu halimo?

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Maofisa wa jiji huuliza: Je, hili linahitaji sheria ya jimbo, au tunaweza kulimaliza wenyewe? Kuna mbunge aliye tayari kulibeba? Miji mingine italiunga mkono au italipinga? Muswada usiotoka kwenye kamati kabla ya tarehe ya mwisho huwa umekwama kwa kikao hicho, isipokuwa miswada michache, hasa inayohusu bajeti. Jiji lenye vipaumbele 50 halina kipaumbele hata kimoja. Kwa hiyo machache hupewa nguvu zote, na mengine huandikwa kama misimamo tu: tutaunga mkono, tutapinga.

Hata hivyo, naona pana upungufu. Idara zina wataalamu wa kuandika maombi. Mpangaji au dereva wa teksi hana. Asiposema mapema, jambo lake halifiki hata kwenye rasimu.

Ni halali jiji kuwashawishi wabunge kwa fedha za umma?

Ndiyo, kwa masharti. Watumishi wake wanaruhusiwa kuwapa wabunge taarifa na kuzungumza nao kuhusu shughuli za jiji, na gharama zake hutolewa taarifa kwa tume ya jimbo inayosimamia uwazi. Hawaruhusiwi kutoa zawadi, wala kutumia fedha hizo kuendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi wawabane wabunge.

Mimi si raia. Naweza kusema?

Kupiga kura huwezi. Kutoa maoni unaweza. Kwenye Baraza la Jiji unajiandikisha na kupewa dakika mbili au pungufu. Bungeni unaweza kutoa ushahidi mbele ya kamati kwa video, au kuandikisha tu kwamba unaunga mkono au unapinga muswada.

Usisubiri Januari. Mwandikie diwani wako Agosti au Septemba, taja tatizo moja, eleza limekugharimu nini, na umuulize kama linahitaji sheria ya jimbo.